Habari za Mgagani, Mboga Iotayo Penye Samadi

Wasomaji wengi wa wilaya za Ngara na Biharamulo wanaijua njaa ndogo ijayo kila mwaka bila ya kupigiwa mbiu. Si njaa ya kuua watu, wala haiandikwi katika vitabu vya serikali. Ni ile miezi miwili hivi baada ya mvua za kwanza kunyesha, wakati mbegu zimekwisha ingia ardhini, maharage ya msimu uliopita yamebaki chini ya kapu, na shamba jipya halijatoa kitu ila majani. Ghala tupu, jembe mkononi, na watoto wanataka kitoweo. Basi wakati huo huo, nyuma ya zizi la ng'ombe na kando ya shimo la takataka, huota mboga ambayo haikupandwa na mtu, nayo wengi huing'oa na kuitupa pamoja na magugu. Mboga hiyo ni mgagani.

Tumeona yafaa kuieleza kwa urefu, na sababu ni mbili. Ya kwanza, mgagani ni chakula kweli kweli, wala haupungukiwi na kitu ukilinganishwa na kabichi inunuliwayo sokoni kwa fedha. Kwa mambo mengine waishinda kabisa. Ya pili yatutia hofu. Mahali pale pale penye mgagani huota mmea mwingine wenye sumu kali, nayo yote miwili huchipua kwa mvua zile zile. Mtoto aliyetumwa kuchuma mboga jioni, hali jua limekwisha zama, aweza kurudi na yote miwili katika kapu moja.

Kwanza majina. Kwa Kiswahili mmea huu huitwa mgagani, na wengine huuita mwangani au mkabili. Huku mpakani lugha zimekaribiana mno, na msomaji wa Mabawe hana haja ya kwenda mbali: akivuka kwenda Rwanda atasikia watu wakiuita isogi. Hapo lazima aangalie, kwani Wanyarwanda wana mboga nyingine waiitayo isogo, nayo ni mnavu. Herufi moja tu imegeuka, na mmea umegeuka pia. Waganda husema ejjobyo, Wajaluo dek, na Wakisii chinsaga. Wataalamu wa mimea huuita Cleome gynandra, jina alilolitoa Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Twayataja majina haya kwa kuwa katika masoko ya mpakani hukutana watu wa makabila mengi, na muuzaji na mnunuzi waweza kubishana nusu saa juu ya kitu kimoja.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Mgagani huota wima, kimo chake hufika gotini au kiunoni, na penye samadi nyingi hupita hapo. Shina ni la kijani, mara nyingi lina wekundu wa zambarau, nalo lina vinyweleo vidogo vyenye utomvu; ukilishika kwa vidole wasikia kunata kidogo. Jani lake ndilo alama kubwa. Kutoka katika shina hutoka kikonyo kirefu, na mwisho wa kikonyo hicho husimama vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole vya mkono uliofunuliwa. Mara nyingine huwa saba chini ya mmea, na karibu na maua huwa vitatu tu. Lakini vitano ndivyo vya kawaida. Kila kijani kimeachana kabisa na mwenziwe tangu shinani mwa kikonyo, na hili lishikwe sana, kwa maana litatusaidia mbele.

Maua yake ni meupe, au meupe yenye wekundu hafifu, yakishikana juu ya mmea. Kila ua lina petali nne, na katikati hutoka nyuzi sita ndefu za rangi ya zambarau, zimesimama mbali na petali kama ndevu za paka au miguu ya buibui. Mtu aliyeliona ua hilo mara moja hawezi kulisahau. Baada ya ua huja kitumba chembamba, kirefu kama kidole au kupita, chenye ncha, kinachoelekea juu. Kikiiva hugeuka manjano, kisha hupasuka na kumwaga mbegu ndogo nyeusi zenye mikwaruzo. Tena kuna harufu. Likatwe jani na kusuguliwa viganjani: hutoa harufu kali, kama ya haradali, ambayo mpishi mgeni huichukia siku ya kwanza na kuitafuta siku ya nne.

Msomaji aliye mwalimu aweza kusema, Je, mimea mingine haina majani ya vidole? Inayo, na tutaitaja. Muhogo mchanga una jani lililogawanyika, lakini vidole vyake vimeungana shinani, na ukivunja kikonyo hutoka maziwa meupe. Mgagani hautoi maziwa kamwe. Mbarika mchanga vile vile jani lake ni moja lililopasuka pembeni, halikuachana vipande, na mbegu zake ni sumu. Bangi ina vijani vitano au saba vilivyoachana, na watu wameulizana juu yake zaidi ya mara moja. Walakini ukingo wa kijani cha bangi una meno makubwa kama ya msumeno, na ukingo wa kijani cha mgagani ni laini, au una vijino vidogo mno ambavyo jicho laviona kwa taabu. Bwana Mtendaji akipelekewa shitaka la mtu anayeotesha bangi nyuma ya zizi, na atazame kwanza ukingo wa jani kabla ya kumwita polisi. Kuna pia ndugu za mgagani wenyewe: mmoja una maua ya manjano, mwingine una maua ya waridi na jani moja tu lisilogawanyika. Hizo si mgagani, na asiyezijua aziache.

Tumesema kuna mmea wenye sumu. Huo ni mnanaha. Wapenda mahali penye mbolea, penye majaa, penye mazizi ya kale na vibanda vilivyobomoka, yaani pale pale apendapo mgagani. Ukisha kuwa mkubwa hauwezi kumdanganya mtu: ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lake ni la mviringo lenye miiba pande zote. Hatari i katika uchanga wake. Mche wa mnanaha wenye majani manne au sita ni laini, wa kijani kizuri, na mtu achumaye kwa kukumba, mkono mzima mara moja, huukumba pamoja na mchicha na mgagani. Majani yake hayana vidole. Ni majani mamoja mamoja, mapana, yenye pembe pembe zisizo sawa ukingoni, na yakisuguliwa hunuka vibaya, harufu ya kutapisha, si ile ya haradali.

Sumu yake haipotei chunguni. Aliyekula hukauka kinywa hata hawezi kumeza mate. Ngozi huwa nyekundu na ya moto bila ya jasho. Mboni za macho hupanuka hata mwanga humuumiza. Moyo hupiga mbio. Kisha huanza kuweweseka, kusema na watu wasiokuwapo, na kushika vitu hewani. Watu huweza kudhani amerogwa au ameingiwa na pepo, na saa za kumwokoa zikapita kwa kutafuta mganga wa ramli. Mwaka 2019, huko Karamoja katika nchi ya Uganda, unga wa msaada uliingia mbegu za mnanaha. Watu wapatao 300 waliugua, na watano wakafa. Hizo zilikuwa mbegu zilizosagwa, nasi twasema habari za majani; lakini sumu ni ile ile, nayo imo katika mmea wote, tangu mzizi hata ua.

Mtu akionyesha dalili hizo baada ya kula mboga, apelekwe zahanati au hospitali mara moja, asitapishwe kwa nguvu, asiachwe peke yake, akae kivulini, na ambaye amebaki nyumbani achukue mboga iliyosalia chunguni na majani mabichi yaliyosalia kapuni, ampelekee mganga wa serikali. Kwa kuona majani hayo daktari atajua dawa bila ya kubahatisha.

Kwa sababu hiyo twatoa shauri moja kwa wazazi, nalo ni rahisi. Mgagani uchumwe jani kwa jani, mchana, na mtu aliyekwisha kuonyeshwa mmea kwa macho. Halafu kabla ya kuosha, mboga imwagwe juu ya ungo na kuchambuliwa: kila jani lenye vidole vilivyoachana libaki, na kila jani lisilo na vidole liwekwe kando na kutazamwa tena. Likiwa ni mchicha au jani la kunde na mpishi ana hakika, lirudi. Kama hana hakika, litupwe. Kazi hii haichukui muda mrefu kuliko kupembua mchele, nasi hatukumsikia mtu akilalamika juu ya kupembua mchele.

Mahali pa kuchuma napo pana maana. Mmea huu hunywa chochote kilichomo ardhini. Usichumwe penye shimo la choo, wala kando ya jaa la zahanati, wala katika shamba la kahawa au la nyanya lililonyunyizwa dawa ya wadudu siku zile. Kando ya barabara kuu napo pana vumbi na moshi wa malori. Hakuna haja ya kuchuma hapo kama nyuma ya nyumba upo wa kutosha.

Sasa tuseme faida yake. Mwaka 1997 wataalamu wawili, J. A. Chweya wa Kenya na N. A. Mnzava wa Tanzania, walitoa kitabu kizima juu ya mmea huu, kilichochapishwa Roma, nao walikusanya humo habari zake za Afrika na za nchi nyingine. Majani yana wingi wa kile kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yana vitamini C, yana madini ya chuma na ya kalisi, tena yana protini kuliko mboga nyingi za majani. Vitamini A ndiyo ilindayo macho ya watoto. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona vizuri wakati wa machweo, hujikwaa katika vitu ambavyo wenziwe waviona, na wazazi hudhani ni mzembe. Akiendelea kuikosa, jicho huharibika.

Habari ya damu yataka maneno zaidi. Wajaluo na Wakisii wana desturi ya kumpa mzazi mgagani baada ya kujifungua, ili arudishiwe damu iliyotoka na apate maziwa. Desturi hii si upuzi, kwa kuwa chuma imo katika majani. Lakini mwili hupokea sehemu ndogo tu ya chuma itokayo katika majani, tofauti na ile ya nyama na samaki. Ili ipokewe zaidi, kamulia limau juu ya mboga wakati wa kula, au ipike pamoja na dagaa. Tena isiandamane na chai au kahawa: vitu hivi vikinywewa pamoja na chakula huizuia chuma isiingie mwilini, nasi twajua ya kuwa Ngara ni nchi ya kahawa. Kikombe kingojee saa moja au mbili. Na mama mwenye mimba asiache vidonge alivyopewa kliniki kwa kuwa amekula mgagani. Ale vyote viwili.

Uchumaji una wakati wake. Tangu mmea kuchipua hata kufaa kuchumwa ni wiki tatu hivi, mvua zikiwa nzuri. Majani mazuri ni yale machanga, kabla ya maua kufunguka. Maua yakisha kuja, majani hupungua na uchungu huzidi. Mwenye busara hukata ncha ya juu mapema, nao mmea hutoa matawi pembeni, ukachumwa tena na tena kwa wiki kadhaa. Wengine hung'oa mzizi na yote, na hao hula mara moja tu. Chuma asubuhi, umande ukisha kukauka, na upike siku ile ile, maana majani yake hunyauka upesi.

Tumefika jikoni. Jambo la kwanza ajualo kila mpishi wa mgagani ni uchungu. Uchungu huo watoka katika kitu kile kile kinachoifanya haradali iwe kali, nao hupungua kwa moto. Desturi ya watu wengi ni kuchemsha majani katika maji mengi, kuyamwaga maji, kuchemsha tena na kumwaga tena. Uchungu waondoka kweli, lakini sehemu kubwa ya vitamini C, na vingine vinavyoyeyuka majini, vyamwagwa uani pamoja na maji. Kuku wa nyumba hiyo wana bahati. Twaona yafaa zaidi kupunguza uchungu kwa njia ya kuchanganya. Twaa sehemu mbili za mgagani na sehemu moja ya mboga tamu, kama mchicha, majani ya kunde au majani ya maboga. Kwa watoto na kwa wageni wasioizoea geuza kipimo: sehemu moja ya mgagani kwa mbili za mboga nyingine. Na kama familia haiwezi kuuvumilia uchungu kwa njia hiyo, basi maji yamwagwe mara moja tu. Mboga iliyopungua nguvu yafaa kuliko mboga iliyokataliwa sahanini.

Kwa mlo wa watu sita, chukua majani ya kujaza ungo mdogo, kwa maana mgagani hunywea sana motoni na ungo mzima hurudi kuwa bakuli moja. Tenga vikonyo vigumu na kuvitupa. Osha kwa maji safi mara mbili au tatu hata mchanga uishe, ndipo ukate. Ukikata kwanza na kuosha baadaye, uzuri wake huenda na maji. Injika chungu chenye maji kikombe kimoja na chumvi kidogo. Maji yakichemka tia majani, funika, acha kwa dakika kumi au kumi na tano, ukigeuza mara moja au mbili.

Kutoka hapo njia ni nyingi. Njia ya karanga ndiyo tuipendayo sisi. Karanga zikaangwe kidogo, zichaguliwe, zile zilizoota ukungu au kunyauka zitupwe, zitwangwe hata ziwe laini, zikorogwe kwa maji vuguvugu vikombe viwili hivi, kisha zimiminwe juu ya mboga. Moto uwe mdogo, na mwiko usitoke mkononi, kwani karanga hushika chini ya chungu upesi kuliko mtu anavyodhani. Baada ya dakika kumi na tano rojo huwa zito na mafuta huanza kuonekana juu. Mafuta hayo si anasa tu. Kile kitu kigeukacho kuwa vitamini A hakiingii mwilini vizuri pasipo mafuta, basi mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake hushibisha tumbo na kuliacha jicho na haja yake. Asiye na karanga atie samli, au mafuta ya mawese, au ya alizeti, kijiko kimoja au viwili.

Njia ya maziwa ni ya wafugaji, nayo ni maarufu kwa Wakisii na Wajaluo. Mboga ikisha kuiva, mimina maziwa kikombe kimoja, acha yachemke polepole hata yapungue. Wengine huacha chungu kilale, kesho yake huongeza maziwa na kuchemsha tena, wakisema mgagani wa siku ya pili ndio mgagani. Ladha yake ni nzuri, hatukatai. Ila mwenye kufanya hivyo afunike chungu vizuri, akiweke mahali pa baridi, na akichemshe hata kitokote kabla ya kumpa mtu yeyote. Kama kimeingia uchachu usio wa desturi au povu, kisiliwe.

Njia ya tatu ni ya nyumba ambazo maharage hayakosekani. Maharage yachemshwe peke yake hata yaive kabisa, ndipo mgagani uliokatwa utiwe ndani yake pamoja na kitunguu na mafuta, dakika kumi na tano za mwisho. Atiaye mgagani tangu mwanzo pamoja na maharage mabichi atakula majani meusi yasiyo na ladha. Mboga hii huliwa na ugali wa muhogo au wa mtama, na kwa ndizi za kupika hufaa sana, kwa kuwa ndizi ina utamu na mgagani una uchungu, navyo hupatana.

Mtoto aliyetimiza miezi sita aweza kupewa kidogo, mgagani uliochanganywa na mboga tamu na karanga, ukapondwa hata usiwe na nyuzi. Kwanza kijiko kimoja, siku nyingine viwili.

Kuhusu kukausha hatuna maneno mengi. Mgagani wa masika waweza kuwekwa kwa miezi ya kiangazi, Juni hata Agosti, wakati mboga mbichi ni chache. Watu wa Dodoma na wa Usukuma ni mafundi wa kukausha mboga tangu kale. Majani yachovywe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachujwe, yatandazwe juu ya mkeka safi chini ya kivuli penye upepo. Jua kali lisiyapate, maana jua hula vitamini A, na mboga iliyoanikwa juani kwa siku tatu rangi yake yenyewe yakuonyesha kilichopotea. Yakikauka hata yavunjike yakishikwa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na unyevu.

Wafugaji nao wana neno lao juu ya mmea huu. Yasemekana kupe hawaupendi, na jambo hili lilipimwa na wataalamu wa Kenya, ambao waliandika mwaka 1992 ya kuwa harufu ya majani huwafukuza kupe na hata kuwaua walio wachanga. Basi mgagani ukiota malishoni usiung'oe wote. Lakini asije mtu akaacha kuogesha ng'ombe wake kwa kutegemea mgagani. Ndigana haisubiri majaribio.

Labda msomaji atauliza: Kwa nini kungojea uote wenyewe, na usipandwe bustanini? Hakuna kizuizi. Mjini Arusha, tangu mwaka 1992, kuna kituo cha Shirika la Mboga Duniani, nacho kimekusanya mbegu za mgagani na kuchagua zile zenye majani mengi na zinazochelewa kutoa maua. Na kwa Kenya, ambako zamani wengi waliiona kuwa mboga ya maskini, sasa huuzwa mafungu mafungu mijini, na wakulima huipata fedha. Walimu wenye bustani za shule waweza kuanza kwa matuta mawili tu, na watoto wakajifunza kuutambua mmea hapo, darasa likiwa nje. Tena mwalimu aoteshe mgagani peke yake. Mnanaha na auonyeshe pale pale jaani alipoukuta, kisha aung'oe na kuuchoma mbele yao, na kila aliyeushika anawe mikono.

Mbegu hukusanywa hivi. Acha mimea mitano au sita iliyo bora isichumwe majani. Vitumba vikianza kugeuka manjano, kabla ya kupasuka, vikatwe asubuhi na mapema na kuwekwa ndani ya mfuko wa nguo, vikauke humo na kumwaga mbegu zao ndani. Anayengoja hata vikauke juu ya mmea atakuta maganda matupu. Wengi hushangaa wakipanda mbegu mpya na kuona hazioti, wakasema mgagani haupandiki. Sababu ni kuwa mbegu hulala kwanza. Zikihifadhiwa mahali pakavu kwa miezi mitano au sita huamka na kuota vizuri. Basi za masika zitakuwa tayari kwa vuli.

Siku ya kupanda, tifua tuta na kuchanganya samadi iliyooza. Chora mifereji yenye kina kisichozidi ukucha wa kidole, mmoja ukiwa mbali na mwenziwe kwa shubiri moja na nusu. Mbegu ni ndogo kama za mchicha, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu, sehemu moja ya mbegu kwa kumi za mchanga, ndipo zimwagwe mferejini na kufunikwa kwa udongo kidogo tu. Kama mvua haijanyesha, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, asubuhi na jioni, mpaka miche itoke. Baada ya wiki mbili ipunguze, ukiacha nafasi ya vidole vinne kati ya mche na mche. Ile iliyong'olewa isitupwe: ina vijani vitano tayari, nayo yatosha kitoweo cha kwanza.